OKOT P'BITEK NA SISI WAVUJA JASHO



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, likizo, viatu vya kazini na mikataba. Toleo hili tunaomba nafasi tuzungumze juu ya mtunzi wa mashairi. Tunajua wako watakaouliza, shairi moja linanunua kilo ngapi za posho? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo tunaomba msome kwanza, kwa sababu mtu tunayemtaja, marehemu Okot p'Bitek wa Gulu, aliandika juu ya saa inayomkimbiza mtu, juu ya ndugu wa tumbo moja waliogombanishwa na vyama, juu ya maskini aliyelazwa sakafuni mwa jela, na juu ya neno hili uhuru ambalo kila mkubwa analitamka na kila mdogo analitafuta. Hayo ni mambo yetu.

Alizaliwa Gulu mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu wa misheni. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji aliyejulikana, na nyimbo za Kiacholi mtoto alizisikia kwanza kwake. Akasoma Gulu, akaja King's College Budo, akafunzwa ualimu Mbarara, akarudi kufundisha nyumbani. Alikuwa pia mchezaji mpira hodari. Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya Uganda, wachezaji wakipiga mpira miguu mitupu mbele ya Waingereza, na mechi zilipokwisha yeye akabaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila za watu huko Oxford.

Lakini kabla ya safari hiyo, mwaka 1953, alikuwa amekwisha toa kitabu cha hadithi kwa Kiacholi, Lak Tar. Wasomi hawakitaji sana. Sisi tunakitaja mwanzo, maana ni hadithi yetu. Kijana aliyefiwa na baba anampenda msichana, na mahari ni kubwa mno. Anafunga safari kuja Kampala kutafuta fedha. Anateseka, anafanya kazi, anaweka senti juu ya senti, na siku ya kurudi nyumbani anaibiwa zote njiani. Anaingia kijijini kwa miguu, mikono mitupu, kama alivyotoka. Ni nani katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au katika viwanda vya Kampala na Jinja, ambaye hamjui kijana huyo? Watu wa kaskazini na wa West Nile na wa Kigezi walishuka kwa maelfu kuja kukata miwa na kuchuma chai, kila mmoja na hesabu yake ya mahari, kodi na karo. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 22 tu, na tayari alikuwa ameona kwamba mshahara si fedha tu. Ndani yake mna mke, mna mama anayengoja, mna aibu.

Kitabu kilichomfanya ajulikane dunia nzima ni Wimbo wa Lawino, uliochapishwa Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966, na kwa Kiacholi chenyewe, Wer pa Lawino, mwaka 1969. Lawino ni mke asiyejua kusoma. Mumewe Ocol ni msomi, amepata mwanamke wa mjini aitwaye Clementine, na sasa anamtukana mkewe na ukoo wake wote kuwa ni washenzi. Lawino hanyamazi. Anajibu kwa wimbo mrefu, anacheka, anasuta, analia, anajisifu, anamwaga siri za nyumba hadharani.

Tuchukue habari ya saa. Ocol ana saa kubwa nyumbani, na Lawino hajui kuisoma. Kwao yeye mtoto akilia hunyonyeshwa, jua likizama watu hurudi, usingizi ukija mtu hulala. Ocol hukasirika chakula kikichelewa, na mgeni akibisha hodi huulizwa mara moja anataka nini, kana kwamba kumtembelea ndugu ni lazima mtu awe na shida. Lawino anaona jambo ambalo msomi mwenyewe halioni: yule anayejiita bwana anatumwa na chombo cha ukutani.

Hapa sisi tunakubaliana na Lawino nusu. Yeyote aliyewahi kukatwa nusu siku kwa kuchelewa dakika kumi langoni ataelewa kicheko chake. Lakini mfanyakazi asiyejua saa ndiye anayeibiwa kwanza. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kazi isizidi saa 48 kwa wiki kwa kawaida, na anayezidisha alipwe ziada. Bila saa, utazihesabuje hizo 48? Katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, king'ora cha kuingia kilikuwa hakikosei hata sekunde, ila king'ora cha kutoka kilikuwa na ugonjwa wa kuchelewa. Wafanyakazi hawakuilaani saa. Walinunua ya kwao, wakaandika katika daftari kila jioni kwa muda wa mwezi mzima, wakaipeleka kwa mwajiri. Lawino angecheka kwa namna nyingine.

Sasa imani. Tunaandika kwa uangalifu, kwa kuwa wasomaji wetu ni Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na wengineo, na ukurasa huu si wa kumtoa mtu katika dini yake. Okot alilelewa katika Ukristo, kisha akauacha, na hakuficha. Jambo lililomuudhi zaidi ni kukariri. Lawino anasimulia jinsi walivyofundishwa katekisimu jioni, wakirudia maneno wasiyoyajua maana, na mwalimu akikasirika wakiuliza. Yeye alitaka kujua tu: huyo aliyeumba vyote, je, yeye aliumbwa na nani, na udongo ulitoka wapi kabla udongo haujakuwako? Kwa kuuliza hivyo alionekana mkaidi.

Katika vitabu vyake vya utafiti Okot aliandika kisa ambacho kila mtu wa kazi anapaswa kukijua, hata kama hana haja na mabishano ya dini. Anasema mwaka 1911 mapadre wa Kiitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Katika lugha yao hakuna neno la kuumba kwa maana ile ya mapadre. Liko la kufinyanga, kama afanyavyo mfinyanzi wa vyungu. Kwa hiyo wazee wakasikia swali hili: ni nani aliyewafinyanga? Wakajibu kwamba hawajui, wao walizaliwa na mama zao. Wageni hawakuridhika, wakasisitiza kwamba lazima yuko. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu huzaliwa amenyooka, lakini akipatwa na maradhi ya uti wa mgongo hupinda na kuwa kibyongo, na maradhi hayo hufanywa na pepo aitwaye Rubanga. Basi akasema, Rubanga ndiye afinyangaye watu. Mapadre wakaandika. Tangu hapo jina la pepo anayevunja migongo likawa jina la Mwenyezi Mungu katika sala za Waacholi.

Ukimwuliza Mkristo wa Gulu leo, atakuambia Rubanga ni Mungu wake mwema, na neno limekwisha takaswa na sala za miaka mia moja na zaidi. Naye ana haki. Maneno hubadilika, na imani ya mtu haikai katika chanzo cha neno. Hapo sisi tunamwacha Okot aendelee peke yake. Lakini ule mkutano wenyewe tumeuona mara nyingi. Mkubwa anauliza swali ambalo jibu lake analo tayari. Anayeulizwa anasema hajui. Mkubwa anasisitiza. Mwisho mnyonge anasema jambo lolote ili aende nyumbani, na jambo hilo linaandikwa, linapigwa muhuri, linakuwa kweli. Hivyo ndivyo zilivyotiwa saini barua nyingi za kukiri makosa katika ofisi za waajiri, kwa lugha ambayo mtia saini hakuisoma. Tunarudia kila mwaka: usitie saini wala dole gumba katika karatasi usiyoielewa, mwite mwakilishi wa chama.

Ujasiri wa Okot ulikuwa wa kusema palepale. Alipoingia Oxford mwaka 1960, waalimu wake walikuwa wakiwaita Waafrika washenzi na watu wa kale. Akapinga mbele yao. Hawakumsikiliza, lakini alisema, na baadaye akayaandika hayo katika utangulizi wa kitabu chake juu ya dini za Afrika na wataalamu wa Magharibi. Kitabu hicho kiliwachapa Wazungu, kisha kikawageukia Waafrika wenzake, mapadre na maprofesa, waliowavika miungu ya babu zetu nguo za Kigiriki ili waonekane wa heshima mbele ya wageni. Hakupata marafiki wengi kwa njia hiyo.

Nyumbani nako hakunyamaza. Mwaka 1966 aliwekwa kuwa mkurugenzi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa hapa Kampala, penye ile Nationali Tiyeta iliyofunguliwa mwaka 1959. Mpaka wakati huo jukwaa lile lilikuwa zaidi la michezo ya Kiingereza. Yeye akaingiza ngoma na wachezaji kutoka vijijini. Haikuchukua muda. Mwishoni mwa mwaka 1967, baada ya safari ya Zambia ambako alikuwa ameisema serikali vibaya, kazi ikawa imekwisha, na akavuka mpaka kwenda Kenya. Akafanya kazi Kisumu, akafundisha Nairobi, akaenda Nigeria kufundisha Ife. Utawala wa Amin ulioanza mwaka 1971 ukampata nje na ukaanguka mwaka 1979 yuko nje. Miaka zaidi ya kumi mbali na kwao kwa sababu ya maneno.

Nairobi ndiko alikoandika Wimbo wa Mfungwa, uliotoka mwaka 1971. Wahakiki wengi wanaufungamanisha na kuuawa kwa Tom Mboya, na sisi hatuwezi kulipita jina hilo haraka. Mboya alikuwa wetu. Kabla ya kuwa waziri alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Kenya tangu mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari, siku ambazo kusema juu ya mshahara kulihesabiwa kuwa uasi. Alipigwa risasi mchana, katikati ya Nairobi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa na umri wa miaka 38.

Shairi halimtaji. Linamtoa mtu ndani ya chumba cha jela, amefungwa kamba, amepigwa, damu inamtoka, na shitaka ni uzururaji: alilala katika bustani ya mji. Anawaza watoto wake wana njaa, anamwaza mkewe aliyechukuliwa na mkubwa mwenye gari. Kisha sauti zinachanganyika. Mara ni yule mzururaji, mara ni mtu anayejitapa kwamba amemwua kiongozi na kwamba amefanya vema, mara analia kama mtoto, mara anaomba afunguliwe akanywe na acheze ngoma za makabila yote, asahau. Wako waliomlaumu Okot kwamba mfungwa wake hana msimamo, si shujaa wa mapinduzi. Sisi tunaona hiyo ndiyo kweli ya shairi. Aliyewahi kukaa mahabusu siku tatu kwa sababu ya mgomo anajua kwamba saa ile ile mtu huwa simba na huwa panya. Ujasiri wa vitabuni una mtu mmoja mwenye uso mmoja. Ule wa kweli unatetemeka, na kesho yake unakwenda tena mkutanoni.

Na uzururaji ule si hadithi ya zamani. Sheria ya wakoloni iliyomruhusu askari kumkamata maskini kwa kuwa tu hana la kueleza juu ya maisha yake ilibaki vitabuni Uganda miaka 60 baada ya uhuru. Ni Desemba 2022 tu ambapo Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vyake viwili. Vibarua wangapi walipandishwa gari la polisi alfajiri wakienda kuomba kazi langoni, kwa sababu hawakuwa na kitambulisho cha kiwanda ambacho ndicho walikuwa wakikitafuta?

Uhuru wa siasa Lawino aliukagua mapema. Ocol ni mkubwa katika chama cha Democratic, na ndugu yake yuko Congress. Basi nyumba imegawanyika. Ndugu haruhusiwi kuingia, hawasalimiani, na mke aongee na shemeji yake kwa woga. Lawino anauliza bila elimu yoyote: kama wote wanasema wanataka uhuru na amani, ni kitu gani kinachowazuia kukaa pamoja? Wakati huo umaskini na maradhi yanaendelea kuwakanyaga watu, na hakuna chama kilichosimama mbele yao.

Wazee wetu hawakuwa werevu kuliko Ocol. Miaka ya 1960 yalikuwako Uganda mashirikisho yaliyogombea wafanyakazi wale wale, kila moja na marafiki zake wa nje, hata ikafika mwaka 1973 likaundwa shirikisho moja, NOTU, chini ya utawala wa kijeshi. Umoja tulioshindwa kuufanya kwa hiari ulikuja kwa amri. Na matunda ya mgawanyiko yanaonekana mezani. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Shilingi ikaporomoka, ikabadilishwa mwaka 1987, bei zikapanda mlima, kima kikabaki pale pale. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukiweka upya. Rais hakuutia saini.

Tumeliacha mwisho lile ambalo kwetu ni kubwa kupita yote. Okot alikufa hapa Kampala mwezi wa Julai 1982, akiwa amerudi kufundisha Makerere, umri miaka 51. Maandiko yake kadhaa yalikusanywa yakatolewa mwaka 1986. Katika moja anagombana na mwanafalsafa Rousseau, aliyesema binadamu huzaliwa huru. Okot anakataa kabisa. Mtu, asema, huzaliwa amefungwa. Kitovu kinakatwa, lakini mafungo mengine yanabaki: huyu ni mwana wa fulani, dada wa fulani, mkwe, mjomba, jirani, na kila jina la namna hiyo lina wajibu ndani yake na haki ndani yake. Ukiyakata yote hupati mtu huru, hupati mtu hata kidogo.

Maneno haya yanaweza kumtisha mfanyakazi. Je, hatukupigania kufungua minyororo? Lakini angalieni jinsi mwajiri anavyoongea nasi. Humwita kila mmoja peke yake ofisini, humwambia: wewe ni mtu huru, chama cha nini, tupatane mimi na wewe. Huo ndio uhuru wa mtu mmoja mbele ya kampuni yenye mawakili, na bei yake tunaijua. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 40, inatupa haki ya kujiunga, kupatana kwa pamoja na kugoma, yaani inatambua haki ya kufungamana. Kadi ya chama ni kifungo kimoja zaidi. Unakatwa ada kila mwezi, unalazimika kusimama na mtu wa idara nyingine ambaye labda humpendi. Watu wa Kampala wanalijua jambo hili bila kusoma: kila mtaa una munno mukabi wake, watu wanachanga, msiba ukifika sanduku na chakula vimepatikana, na asiyechanga huzikwa kwa aibu.

Ila tusimfuate Okot kama Lawino walivyomtaka akariri katekisimu. Mafungo mengine yananyonga. Kijana hapokei mshahara wake ila ndugu saba wako langoni. Nyapara anaajiri watu wa kabila lake tu na kuwapa mistari yenye chai nzuri, kisha anasema damu ni nzito. Na wanawake wa mashamba ya maua na viwanda vya nguo watatuuliza kwa haki mbona Lawino anaona mitala ni jambo la kustahimili, mradi apewe heshima yake ya mke mkubwa. Okot hakuwapa jibu. Katika Wimbo wa Malaya alimpa mwanamke nafasi ya kuwasuta wanaume wote, askofu, mwalimu, mfanyakazi wa kiwandani, wanaomjia usiku na kumlaani mchana, na wasutio wa namna hiyo hatujui kama twaweza kuukataa. Lakini ni nani anayefunga, ni nani anayefungwa, na ni nani anayekaa na ufunguo, hayo hakuyapima vya kutosha, na mtu wa chama cha wafanyakazi hawezi kuyaacha.

Wenye kutaka kusoma: tafsiri ya Kiswahili, Wimbo wa Lawino, aliifanya Paul Sozigwa wa Tanzania, nayo ilitoka mwaka 1975. Si rahisi kuipata madukani, lakini maktaba hazikosi kuulizwa. Tunashauri isisomwe kimya. Wakati wa chakula cha mchana mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kubisha, na penye Mwacholi miongoni mwenu mwombeni awaimbie kwa lugha yenyewe, maana ndivyo ilivyotungwa. Sehemu ya saa ianze. Matawi yatakayofanya hivyo yatuandikie mabishano yalikuwa ya namna gani, hasa upande wa wanawake; barua fupi zitapewa nafasi kwanza.